Nani Anasema Ndani ya Wimbo? Uhakiki wa Nyimbo za Kufungua Muziki Harusini Rumonge

Utangulizi

Wasomaji wa jarida letu wamezoea kukutana na riwaya, tamthilia na diwani katika safu hii ya uhakiki. Safari hii tunawaomba radhi na kuwapeleka mahali ambapo wengi wetu hufika tukiwa tumevaa suti na kushika bahasha, yaani ukumbi wa harusi. Tunachotaka kuhakiki ni zile dakika 4 au 5 ambapo mshereheshaji huwaomba wageni watulie, watoto hurudishwa kwenye viti, na maharusi huinuka peke yao kufungua muziki.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili linaihusu vipi idara ya Kiswahili? Jibu letu ni fupi. Kinachopigwa wakati ule mara nyingi ni matini ya Kiswahili. Ina msemaji, ina msemewa, ina dhamira na ina hadhira ya watu 200 au 300 wanaoisikia kwa pamoja. Riwaya ngapi zetu zinapata wasomaji hao kwa usiku mmoja? Hata hivyo, maharusi wengi tunaowafahamu hutumia wiki 3 kuzoeza miguu na hawatumii hata jioni moja kuyasoma maneno ya wimbo waliouchagua.

Hoja yetu ni kwamba matayarisho ya dansi ya kwanza yangeanza na maswali yaleyale anayoulizwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: nani anasema, anamwambia nani, na katika hali gani? Mfano wetu ni harusi moja ya Rumonge ambayo tulialikwa tukiwa wageni na washauri pia, kwa kuwa bi harusi aliwahi kuwa mwanafunzi wetu. Majina ya wahusika tunayahifadhi, nao wameturuhusu kuyasimulia haya. Tuseme mapema kwamba katika ushauri wetu tulikosea mahali, na kosa hilo ndilo lililotusukuma kuandika.

Rumonge na Kiswahili chake

Mji wa Rumonge uko kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, yapata kilomita 75 kusini mwa Bujumbura. Ulifanywa makao makuu ya mkoa wenye jina lake mwaka 2015. Katika mgawanyo wa mwaka 2025, ulioiacha Burundi na mikoa 5, Rumonge ni tarafa ndani ya mkoa wa Burunga. Anayeingia mjini hupokewa kwanza na michikichi ya mawese, kisha harufu ya ndagala walioanikwa, kisha lugha. Sokoni na ufukweni utasikia Kirundi na Kiswahili katika sentensi moja, na pengine Kifaransa kikapita katikati bila kubisha hodi.

Kiswahili hakikuletwa hapa na mitaala. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, lakini misafara ya biashara iliyopitia Ujiji ilikuwa imekwisha kukifikisha Kiswahili kwenye ufuko huu katika karne ya 19. Wavuvi na wachuuzi waliendelea kukivusha kati ya Kigoma, Uvira, Rumonge na Nyanza-Lac. Ziko familia za Kiislamu ambazo Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani. Ziko pia familia zilizokipata uhamishoni. Machafuko na mauaji ya mwaka 1972, yaliyoanza mwishoni mwa Aprili kukiwa na mashambulizi hukuhuku Rumonge na Nyanza-Lac, yaliwakimbiza watu wengi wa ufuko huu hadi Tanzania. Huko walipewa makazi katika sehemu kama Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 2008 ulipoanza mpango wa kuwarejesha waliotaka kurudi, zaidi ya watu 50,000 walirejea Burundi, na zaidi ya 160,000 walipewa uraia wa Tanzania. Watoto waliozaliwa kule walirudi na Kiswahili cha shule za Tanzania, na wengine Kirundi chao kilikuwa cha kubabaisha.

Kwa hiyo mshereheshaji wa Rumonge anapochagua wimbo wa Kiswahili, anachagua lugha ambayo karibu kila mgeni anaielewa, ila kila mmoja ameipata kwa njia yake. Bi harusi wetu alizaliwa Ulyankulu na kurejea akiwa na umri wa miaka 10. Hata leo akitukuta njiani hutuamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Bwana harusi ni mtoto wa familia ambayo haikuondoka Rumonge, naye hutusalimia kwa "Amahoro, Mwalimu", kisha huendelea kwa Kiswahili cha ziwani. Tofauti hiyo ndogo ya salamu wageni wote walikuwa wakiijua.

Kutoka ngoma hadi dansi

Neno "ngoma" katika Kiswahili lina maana ya ala, ya uchezaji na ya sherehe yenyewe. Katika Kirundi, "ingoma" ni ala na vilevile ni ufalme. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014. Miaka 3 baadaye, yaani 2017, amri ya rais iliwakataza wanawake kuzipiga, na ikataka kundi lolote litakaloalikwa kwenye sherehe isiyo ya serikali lilipiwe faranga 500,000. Kwa familia inayoishi kwa mawese na ndagala, fedha hizo ni sehemu kubwa ya bajeti ya harusi. Spika mbili na mpiga muziki mwenye kompyuta havifikii gharama hiyo.

Tena katika ngoma, wachezaji ni wengi na hupanga mstari au duara. Mtu hajifichi, lakini pia haoneshwi peke yake. Dansi ya wawili wawili, mwanamume na mwanamke wakishikana, ilienea katika miji ya Afrika Mashariki na Kongo wakati wa ukoloni. Sahani za santuri zenye rumba ya Kuba, zilizoanza kuuzwa Afrika katika miaka ya 1930, ziliisaidia sana. Rumba hiyo ilizaliwa upya kwenye kingo za mto Kongo, na mwaka 2021 UNESCO ikaiingiza katika orodha yake kwa ombi la nchi zote mbili za Kongo. Huku ziwani, jirani wa Uvira na Kalemie, rumba haihesabiwi kuwa ngeni.

Lakini kuifanya dansi ya wawili kuwa kilele cha harusi ni jambo lenye uzito wake. Maharusi hushikana mbele ya wakwe, wajomba na mashangazi. Baadhi ya familia za Kiislamu za Rumonge haziifanyi kabisa. Huko wanawake hukaa peke yao na dufu au taarabu yao, na mambo huenda vizuri tu. Katika familia zinazoifanya, aibu ya miguu huwa kubwa kiasi cha kuwasahaulisha maharusi masikio ya wageni. Na masikio hayo ni makali. Utamaduni wa Waswahili haujawahi kuuchukulia wimbo wa harusini kuwa kelele tu. Siti binti Saadi alipoimba taarabu yake, aliyoirekodi Bombay kuanzia mwaka 1928, wasikilizaji walijua kutafuta mafumbo ndani yake. Hata leo mwanamke huinuka kumtunza mwimbaji kwenye ubeti mahususi ili fulani aliyekaa kule aelewe. Hadhira ya namna hiyo haiwezi kuombwa isikilize gitaa na kuyaacha maneno.

Matini ya kwanza: "Sina Makosa"

Chaguo la kwanza la bwana harusi lilikuwa "Sina Makosa", wimbo wa Les Wanyika, bendi iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitoa Simba Wanyika. Hatuna ugomvi na sababu zake. Gitaa lake linatiririka, mwendo wake si wa haraka wala wa kuchosha, na kijana asiyejua dansi anaweza kuhesabu hatua zake bila kumkanyaga mwenzake. Walikwisha kuzoeza kwa siku 4 uani kwa mjomba, simu ikiwa imewekwa ndani ya sufuria ili sauti iongezeke.

Tuliwaomba wafanye zoezi dogo tunalowapa wanafunzi wetu: wauandike wimbo mzima kwenye karatasi, kisha kila mmoja asome kimya. Bi harusi ndiye aliyemaliza kwanza. Akaangalia karatasi tena, akacheka, akasema, "Mwalimu, huyu mtu ana mke nyumbani!"

Alikuwa amesoma sawasawa. Msemaji wa wimbo ule ni mtu anayelalamika kuwa anachukiwa bila kosa, na katika kujitetea anakumbusha kwamba yeye na anayemwambia kila mmoja ana wake nyumbani. Kwa istilahi za darasani, nafsi ya mnenaji ni ya kwanza umoja, kauli yake ni ya kukanusha, na hali yake ni ya mshtakiwa. Kisanaa ni wimbo uliokomaa, kwani unamweka msikilizaji mahali pa hakimu bila kumpa ushahidi wa kutosha. Ila bwana harusi anayejitetea kuwa hana makosa kabla ndoa haijafikisha saa 6 anawapa mashangazi kazi ya bure.

Bwana harusi alitujibu kwa hoja isiyofaa kudharauliwa. "Mwalimu, mbona watu wanacheza 'Mario' harusini na hakuna anayesema kitu?" Ni kweli. "Mario" wa Franco, uliotoka mwaka 1985, unamsema kijana anayelishwa na mwanamke tajiri aliyemzidi umri, na kumbi za Afrika nzima huucheza kwa furaha. Lakini "Mario" uko katika Kilingala, na kwa wageni wengi wa Rumonge maneno yake ni sehemu ya ala. Tena huchezwa na umati baada ya chakula, wakati ambapo hakuna anayesema kwa niaba ya mwingine. Maharusi wanapokuwa peke yao sakafuni, hadhira huichukua sauti ya mwimbaji na kuwavika wao. Nafsi ya mnenaji inahama kutoka kwenye spika na kuingia vinywani mwao wasiofungua midomo. Kwa maoni yetu, sifa hii ndiyo inayoupambanua wimbo wa kufungua muziki na nyimbo nyingine zote za usiku ule.

"Sina Makosa" uliahirishwa hadi saa 5 usiku, wakati wa wote.

Matini ya pili: "Malaika"

Kamati ya harusi, ambayo mwenyekiti wake alikuwa shangazi wa bwana harusi, ilipendekeza "Malaika". Wimbo huu ulirekodiwa na Fadhili William wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ingawa wako waliodai utunzi wake, akiwemo Adam Salim. Umeimbwa na Miriam Makeba, Boney M na Angélique Kidjo, miongoni mwa wengi. Pengine hakuna wimbo wa Kiswahili uliosafiri mbali zaidi.

Tuliupinga, na tuliupinga kwa sauti ya mwalimu. Hoja yetu ilikuwa hii. Msemaji wa "Malaika" ni kijana anayempenda msichana lakini hana mali ya kumwoa. Kitenzi kinachoubeba wimbo kiko katika hali ya masharti, ile ya -nge-. Tunawafundisha wanafunzi kuwa -nge- hutaja jambo ambalo lingetokea kama kizuizi kisingekuwapo, na kwamba kwa wakati wa kusema jambo lenyewe halijatokea. Huu ni wimbo wa ndoa iliyoshindikana. Kuupiga harusini, tulisema, ni kama kusoma tanzia kwenye ubatizo. Wazungu huupiga kwa sababu hawaelewi, lakini sisi tunaelewa.

Shangazi alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Sawa, Mwalimu. Wewe ndiye uliyesoma." Waliokulia katika jamii zetu wanajua kuwa kauli hiyo si ya kukubali.

Kwa ajili ya kulinganisha, tulimtajia bi harusi wimbo wa Khadja Nin, mwimbaji wa Burundi aliyeimba kwa Kiswahili mbele ya dunia. Katika albamu yake ya "Sambolera" ya mwaka 1996 umo wimbo uitwao "Sina Mali, Sina Deni", ambao aliutoa kwenye wimbo wa Stevie Wonder. Tazama vichwa hivi viwili, "Sina Makosa" na "Sina Mali, Sina Deni". Vyote vinaanza na kukanusha kumiliki, na nafsi ni ileile ya umoja. Cha pili kina hadhi ya mtu huru, na tunakipenda sana. Lakini bi harusi aliona upungufu ambao sisi hatukuuona haraka. "Ni mzuri, Mwalimu, lakini ni wa mtu mmoja," alisema.

Matini ya tatu: "Haturudi Nyuma"

Hapo ndipo yeye mwenyewe alipoutaja "Haturudi Nyuma", wimbo ambao Kidumu, Mrundi aliyeendeleza kazi yake ya muziki Nairobi, aliuimba pamoja na Juliana Kanyomozi wa Uganda. Kwa mujibu wa vigezo vyetu, mshindi alikuwa amepatikana. Sauti ni mbili, ya kiume na ya kike. Kitenzi cha kichwa chake kina kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi: ha-tu-rudi. Hapa pia kuna ukanushi, lakini ni ukanushi wa kuapa, ambao hauna kujitetea ndani yake. Juu ya hayo, Mrundi ameimba kwa Kiswahili na Mganda akamwitikia, jambo ambalo mwalimu yeyote wa Kiswahili wa Afrika Mashariki angelifurahia.

Mazoezi yakaanza upya, safari hii nyumbani kwa bi harusi. Mkono wake juu ya bega, wa kwake kiunoni, macho yasiangalie miguu. Mama yake alikuwa amekaa barazani akichambua ndagala. Wimbo uliporudiwa mara ya 3, aliacha sinia lake na kuuliza, "Haturudi wapi?"

Binti akajibu, "Nyuma, mama. Ni mapenzi tu."

Mama akasema, "Mimi nimeshakimbia, nimeshakaa, nimeshahunguka. Sasa mnaniambia haturudi. Na watu wa upande wa pili wakisikia, watasikia nini?"

Tulinyamaza, na tunadhani darasa zima la isimu lingenyamaza. Kirundi kina kitenzi "guhunguka", kurejea kutoka uhamishoni, mbali na "gutaha", kwenda nyumbani, na mbali na "gusubira inyuma", kwenda kinyumenyume. Kiswahili kinavibeba vyote vitatu kwa "kurudi". Mama huyu alivushwa ziwa mwaka 1972 akiwa mtoto wa miaka 8 na akarejea mtu mzima. Kwake "kurudi" halikuwa neno la mapenzi. Waliorejea wengi walikuta viwanja na michikichi yao mikononi mwa wengine, na mashauri yalikuwa mengi hasa Rumonge na Nyanza-Lac. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, ilipewa kazi ngumu ya kuamua nani arudishiwe nini. Familia ya mama huyu ilipata nusu ya shamba lake kwa mapatano. Familia ya bwana harusi haikuwa na kesi nao, lakini ilikuwa na majirani na ndugu waliokuwa na kesi na wengine. Kutoka "haturudi" hadi "haturudishi" ni silabi moja tu.

Na mwaka 2015, watu wa ufuko huu walipoanza tena kuvuka, maelfu wakarundikana Kagunga wakisubiri meli ya Liemba iwapeleke Kigoma, binti mwenyewe alishuhudia majirani wakifunga mizigo. Kwake yeye "haturudi nyuma" ilimaanisha hatukimbii tena. Kwa mama ilikuwa kidonda. Kwa upande wa pili huenda ingekuwa kitisho. Matini ni ileile, nafsi ni ileile ya "sisi", ila huyo "sisi" hakuwa mmoja. Vigezo vyetu vya darasani vilisema wimbo una wingi, lakini havikuuliza ni wingi wa nani.

Hatusemi wimbo ni mbaya. Tumeusikia ukifungua muziki Bujumbura na Nairobi, ukakaa mahali pake vizuri kabisa. Tunachosema ni kwamba ukumbi ule wa Rumonge ulikuwa na kamusi yake.

Usiku wenyewe

Zikiwa zimebaki siku 5, maharusi waliamua wenyewe, bila kutuuliza. Mshereheshaji alipowaita, kilichosikika kilikuwa "Malaika".

Tulikaa kwenye meza yetu tukiwa tayari kuhuzunika. Badala yake tulisoma upya. Kwanza, wageni karibu wote walikuwa wakijua kwamba inkwano ya bi harusi huyu ililipwa kwa mafungu katika miaka 2, kijana akiuza mawese na kukopa, na mara moja posa nusura ivunjike. Kijana asiyekuwa na mali hakuwa msemaji wa kubuni. Alikuwa amesimama pale, jasho likimtoka. Kila -nge- ya wimbo ilipotoka kwenye spika, ukumbi uliijibu kwa -me-. Angeoa, na ameoa. Masharti ya wimbo yalikuwa yametimia mbele ya macho ya watu, na furaha ilitokana na umbali kati ya maneno na jambo lenyewe. Laiti wimbo ungesema moja kwa moja kwamba tumeoana, usingebakisha kitu cha kujibiwa.

Pili, wimbo wenye "mimi" mmoja ulipata wingi wake kwa njia ambayo hatukuitarajia. Mama yake bi harusi aliufahamu kutoka redioni Ulyankulu. Shangazi aliufahamu kutoka redioni Rumonge. Kufikia ubeti wa 2, walikuwa wakiimba wote wawili kutoka pande mbili za ukumbi, na wageni wakafuata. Dansi ya wawili iliyowatenga maharusi ikawarudisha katikati ya duara, kama ilivyo katika ngoma. Bwana harusi alikanyaga shela mara moja, na sidhani kama kuna aliyejali.

Aliyekuwa amesoma ni shangazi. Sisi tulikuwa tumechambua.

Hitimisho

Je, tufute maswali yetu ya mwaka wa kwanza? La hasha. Bila swali la nafsi, maharusi wale wangefungua ndoa yao kwa utetezi wa mtu mwenye mke nyumbani. Tunaendelea kuwashauri vijana wauandike wimbo mzima kwenye karatasi na kuusoma pamoja kabla hawajazoeza hatua hata moja. Zoezi hilo lina faida nyingine tuliyoiona uani kwa mjomba: huenda likawa mara ya kwanza kwa wawili hao kujadili kwa utulivu fedha, uaminifu na wazazi wao.

Lakini kwa maswali yale matatu tunaongeza mawili. La kwanza, wasikilizaji wanajua nini ambacho wimbo haukijui? La pili, harusi hii itaujibu wimbo au itaurudia tu? Wimbo wa kufungua muziki hauhitaji kufanana na furaha ya siku. Unaweza kuwa na uchungu, mradi siku yenyewe iwe na jibu lake. "Sina Makosa" haukuwa na jibu ukumbini mle. "Haturudi Nyuma" ulikuwa na majibu matatu yanayogombana. "Malaika" ulikuwa na jibu moja, lililovaa shela.

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza zoezi hili kwa wanafunzi wa mwaka wa 2: kila mmoja achague wimbo mmoja wa Kiswahili aliousikia ukifungua muziki kwao, aeleze nafsi ya mnenaji na hali ya kitenzi kikuu, kisha amhoji mtu mmoja aliyezidi miaka 60 aliyekuwapo ukumbini. Mahojiano yafanywe kabla uchambuzi haujakamilika. Sisi tuliyafanya baadaye.

Karatasi ya bi harusi, iliyoandikwa kwa mkono na kupata doa la mawese pembeni, tunayo ofisini. Anayetaka kuitumia darasani akaribie.